Nani Ameshika Kipande Chako?

Hapa Kenya ukifikisha miaka 18, watu wanakuuliza kama umeshachukua kipande. Wachache sana husema kitambulisho. Polisi akikusimamisha usiku pale River Road atakuambia, "Kipande iko wapi?" na wewe unaanza kupapasa mifuko. Kwa miaka mingi nilidhani ni neno la mtaani tu, limezaliwa Eastlands kama mengine. Kumbe ni kuukuu kuliko Eastlands yenyewe, na aliyenifungua macho ni cucu yangu, Desemba iliyopita, akiwa jikoni anamenya viazi.

Cucu anaishi Kangari. Kama hujafika, ni mji mdogo wa chai katika Kaunti ya Murang'a, upande wa Kigumo. Ukitoka Nairobi unapita Thika na mananasi yake, unapita Kenol, halafu barabara inaanza kupanda. Kahawa inapungua, baridi inaongezeka, na kuanzia hapo ni chai tupu mpaka ukingo wa msitu wa Nyandarua.

Siku hiyo binamu yangu, msichana wa miaka 24, alikuwa ameleta karatasi. Ajenti mmoja alikuwa amemtafutia kazi ya nyumbani Saudi Arabia, na mkataba ulitakiwa urudi ukiwa na sahihi kabla ya Januari. Mimi nilisoma sheria miaka miwili kisha nikaacha, lakini kwa familia hiyo inatosha, wananiita wakili. Basi nikausoma kwa tochi ya simu kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Kurasa nne. Mshahara ulikuwepo, muda wa miaka miwili ulikuwepo, tiketi ya ndege ilikuwepo. Nikasema naona uko sawa.

Cucu akauliza kitu kimoja tu. "Hiyo pasipoti atakaa nayo nani?"

Binamu akajibu kwamba ajenti alimwambia mwajiri huiweka kwake, kwa usalama.

"Na ukitaka kuondoka?"

Hapo hakuna aliyekuwa na jibu. Cucu akaendelea na viazi vyake, kisha akasema kwamba baba yake naye hakuweza kuondoka kwa mzungu mpaka aandikiwe kwenye kipande. Nimerudi Nairobi na hilo swali, na miezi hii yote nimekuwa nikilifuata kwenye vitabu, sheria na katiba. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifuta kisheria hali ya utumwa katika pwani ya Kenya. Ukiishia hapo utadhani mambo yaliisha vizuri. Lakini mwaka mmoja kabla, 1906, serikali hiyohiyo ilikuwa imepitisha Sheria ya Mabwana na Watumishi. Kwa sheria hiyo, mfanyakazi Mwafrika aliyetoroka kazini kabla mkataba wake haujaisha alikuwa mhalifu. Mambo ambayo leo tungeyaita ugomvi wa mwajiri na mwajiriwa yalimalizwa kwa faini au jela.

Tatizo la walowezi lilikuwa kumpata aliyetoroka. Akishafika kijijini kwao, nani atamjua? Kipande ndicho kilicholetwa kutibu hilo. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kutembea na karatasi yenye jina lake, alama za vidole, majina ya waajiri wake, mshahara wake na tarehe zake. Karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ile inayofungwa mbuzi shingoni ili asipotee.

Sehemu iliyouma zaidi ilikuwa sahihi. Ulipoanza kazi mwajiri aliandika tarehe, na ulipomaliza alitakiwa kutia sahihi kwamba amekuachilia. Bila sahihi hiyo ulihesabiwa bado ni wake. Mwajiri mwingine hakuruhusiwa kukuchukua, na polisi wakikupata njiani ulikuwa mtoro. Hakukuwa na haja ya kufunga geti la shamba.

Halafu kulikuwa na namna ya kuwafikisha watu shambani. Kodi ya nyumba ilitakiwa kwa pesa taslimu, na pesa taslimu zilikuwa kwa mzungu. Hiyo ilipoonekana haitoshi, Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa waraka kwa maafisa wake, akiwataka wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kuhimiza, ndilo neno walilotumia. Wanawake na watoto nao walitajwa, pale mashamba yalipokuwa karibu na makwao. Machifu waliosaidia na wale waliozembea walipaswa kuandikwa. Sasa jiweke mahali pa chifu ambaye cheo chake kinatoka kwa serikali, anajua jina lake liko kwenye orodha fulani. Atahimiza kwa namna gani?

Mwaka 1920 sheria nyingine iliruhusu serikali kumchukua mwanamume mzima akafanye kazi zake, kama barabara na upagazi, hadi siku 60 kwa mwaka. Aliyesamehewa ni yule aliyekuwa tayari ameajiriwa miezi mitatu katika mwaka uliotangulia. Ukiiangalia vizuri unaona mtego wake: njia rahisi ya kuikwepa kazi ya serikali ilikuwa kwenda kwa mlowezi. Shika hiyo namba 60, tutakutana nayo tena.

Kelele zilipigwa, hata na wazungu wenyewe. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliandika kijitabu mwaka 1920 akiishambulia sera hiyo, na mwaka 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, akaagiza maafisa wa serikali waache kuwatafutia watu binafsi vibarua. Lakini kipande kilibaki, kodi ilibaki, na walowezi walikuwa wamekubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi.

Ndipo alipotokea Harry Thuku, kijana aliyekuwa mhudumu wa simu katika ofisi ya Hazina jijini Nairobi. Alizunguka akihutubia kuhusu mambo matatu: kodi, kipande, na wanawake na wasichana waliokuwa wakipelekwa mashambani kwa lazima. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu kwa maelfu walikuwa nje ya kituo cha polisi alimofungiwa, pale karibu na hoteli ya Norfolk. Leo barabara inayopita hapo ina jina lake, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wanaipita kila siku wakikimbilia lekcha.

Wajumbe wanaume walikuwa wamezungumza na serikali na walikuwa wakiwaambia watu waende nyumbani. Mwanamke mmoja akakataa. Mary Muthoni Nyanjiru alitoka Weithaga, kwetu Murang'a. Aliinua nguo yake mbele ya wanaume, laana nzito ambayo mwanamke Mkikuyu huitoa pale heshima yote ilipokwisha, akawaambia wachukue gauni lake wampe suruali zao, kwa kuwa wanaogopa. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 21; waliokuwepo walisema ni wengi zaidi.

Shuleni tulifundishwa tukio hilo kama hadithi ya Thuku. Mimi sasa nalisoma kama hadithi ya kazi. Wanawake wale walikuwa na sababu yao wenyewe ya kuwa pale mbele. Waliokuwa wakitolewa majumbani kwenda kuchuma kahawa ya watu ni wao na binti zao.

Songa mbele miaka 25. Udongo wa Murang'a unaporomoka kwa sababu watu wamebanwa kwenye vilima wakati ardhi kubwa iko kwa walowezi. Dawa ya serikali ikawa matuta, na matuta yakachimbwa kwa amri, asubuhi mbili kwa wiki, chini ya macho ya machifu. Wanaume wengi walikuwa Nairobi au kwenye mashamba ya wazungu, kwa hivyo waliobaki na majembe ni wanawake. Maafisa walilieleza jambo hilo kwa lugha ya kwetu, wakisema ni ngwatio, ule ushirika wa majirani kulimiana kwa zamu. Lakini kwenye ngwatio leo unakuja kwangu, kesho naja kwako, na mwenye shamba anapika. Hakuna anayepelekwa kortini kwa kukosa ngwatio.

Mwezi Julai 1947 mkutano mkubwa uliofanyika Murang'a uliazimia kwamba wanawake wasiende tena kwenye matuta, na kazi ikasimama karibu wilaya nzima. Mwaka uliofuata wanawake wapatao 2,500 walifika makao makuu ya wilaya wakiimba na kucheza, wakatangaza kwamba hawachimbi, kwa sababu nyumbani kwao kuna kazi za kutosha. Ninapenda sana sababu hiyo kwa sababu haina siasa kubwa ndani yake. Ni watu wanaojua siku ina saa ngapi.

Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari, na hapa ndipo cucu anaingia mwenyewe. Kuanzia 1954 serikali ilihamisha zaidi ya watu milioni moja wa nyanda za kati na kuwaweka kwenye vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa na ua wa miti iliyochongwa ncha na mtaro, vikilindwa na ngati. Watu walibomoa nyumba zao na kujenga za huko kwa mikono yao, bila malipo. Kisha wakapelekwa kuchimba mitaro kando ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, ili wapiganaji wa Mau Mau wasiweze kutoka kutafuta chakula.

Cucu alikuwa na miaka kama 16. Anasema filimbi ilipigwa kabla ya jua, na mkabebana mpaka msituni. Mnachimba, mnarudi, mnafungiwa. Saa moja tu ya kwenda shambani na kuteka maji, siku nyingine hakuna. Nilimuuliza swali la kijinga, swali la mtu wa mjini: walilipwa?

"Tulihesabiwa," akasema. "Asubuhi tunahesabiwa, jioni tunahesabiwa."

Kitu kilichonikasirisha kwenye usomaji wangu ni kwamba yote hayo yalifanyika wakati maandishi ya kuyakataza yakiwepo. Uingereza ilikuwa imeuridhia Mkataba wa Kazi ya Shuruti wa Shirika la Kazi Duniani tangu 1931. Mkataba huo unasema kazi ya shuruti ni kazi yoyote anayotakiwa mtu kuifanya kwa tishio la adhabu, ambayo hakujitolea kwa hiari. Mwaka 1953 Uingereza ikaueneza Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu mpaka Kenya, nao unakataza utumwa na kazi ya shuruti. Lakini mikataba yote miwili ina milango ya nyuma. Huduma inayodaiwa wakati wa dharura haihesabiwi kuwa kazi ya shuruti. Huyo msichana wa miaka 16 mwenye jembe msituni alikuwa amepitishwa mlango huo.

Uhuru ulipokuja, mlango ulikuja nao. Sura ya haki katika katiba yetu ya 1963 iliandikwa kwa kufuata mfano wa ule mkataba wa Ulaya. Ilisema hakuna mtu atakayewekwa katika utumwa wala kulazimishwa kufanya kazi, kisha ikaorodhesha kazi ambazo hazihesabiwi: ya mfungwa aliyehukumiwa, na ya wakati wa hali ya hatari, miongoni mwa nyingine. Na unaikumbuka namba 60? Sheria ya Mamlaka ya Machifu, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, iliendelea kumruhusu chifu kuwaita wanaume wa miaka 18 hadi 45 wakafanye kazi za kuhifadhi mazingira, hadi siku 60 kwa mwaka. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walilalamika mwaka baada ya mwaka. Nguvu hizo ziliondolewa 1997, kwenye mageuzi yaliyofanywa haraka kabla ya uchaguzi. Miaka 34 baada ya bendera kupandishwa.

Katiba ya sasa ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 pale Uhuru Park. Kifungu cha 30 ni kifupi kiasi kwamba unaweza kukituma kwa SMS: mtu hatawekwa katika utumwa au utwana, na mtu hatatakiwa kufanya kazi ya kulazimishwa. Basi. Ile orodha ya misamaha imetupwa. Kifungu cha 20 kinaongeza kwamba haki hizi zinafunga serikali na kila mtu, kwa hivyo mwenye shamba, tajiri wa nyumba na ajenti wa kazi wamo ndani. Na Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu mwingine kwenda mahakamani kwa niaba ya yule asiyeweza kwenda, na hilo ni la maana sana kwa mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba.

Lakini soma Kifungu cha 25 polepole. Kinataja haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Uhuru dhidi ya utumwa na utwana umo. Kazi ya kulazimishwa haimo. Maana yake ni kwamba bado sheria inaweza kuiwekea mipaka, ikipita mtihani mkali wa Kifungu cha 24. Sisemi kuna mtu anapanga kuturudisha kwenye mtaro. Nasema mlango haujajengewa ukuta, umewekwa kufuli, na ni vizuri watu wa Murang'a wajue funguo ziko wapi.

Mwaka huohuo wa 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria hii inaelewa jambo ambalo sisi kwenye familia huwa hatulielewi. Tukisikia ulanguzi tunafikiria mtoto ametekwa, ametupwa kwenye buti ya gari. Sheria inaanza mapema zaidi, pale mtu anapotafutwa na kusafirishwa kwa udanganyifu ili anyonywe. Ikiwa ulidanganywa, kule kukubali kwako hakumwokoi aliyekudanganya. Vijana wa Kenya walioahidiwa kazi za ofisi Thailand, wakajikuta Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni, walipanda ndege kwa miguu yao wenyewe, wengine wakisindikizwa na familia hadi uwanjani. Sheria inagusa pia anayenyang'anya mtu hati zake za safari ili kumlangua.

Na hapo tunarudi kwenye swali la cucu. Mfumo wa kafala unaomngoja binamu yangu unafunga ruhusa yake ya kuishi nchini na jina la mwajiri mmoja. Saudi Arabia ililegeza masharti ya kubadilisha kazi mwaka 2021, lakini mageuzi hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Akitoka kwenye ile nyumba bila idhini anaweza kuripotiwa kuwa mtoro. Neno ni lilelile la 1906, na sahihi inayotafutwa ni ileile ya kwenye kikopo cha chuma. Wapo wanaokutana na waajiri wazuri, wanajenga nyumba za mawe na kusomesha wadogo zao. Kangari tunawajua kwa majina. Lakini hata baba ya cucu huenda mzungu wake alikuwa mtu mzuri. Swali halikuwa tabia ya mwajiri.

Katiba yetu haifiki Riyadh. Inafika kwa ajenti, kwenye ofisi yake yenye kalenda ukutani, na inafika kwa serikali inayompa leseni. Pia tumeona haki ikichelewa inavyokuwa. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Kesi ya pili ya Wakenya zaidi ya 40,000, ambamo kazi ya kulazimishwa ilikuwa miongoni mwa madai, ilitupwa na mahakama ya London mwaka 2018. Muda ulikuwa umepita mno. Kwa mtaro wa msituni, cucu hajapata hata shilingi, na sidhani anangoja.

Mwezi Januari nilimpigia binamu simu. Hakutia sahihi ule mkataba. Alikuwa amemwandikia ajenti kwenye WhatsApp maswali matatu: pasipoti atakaa nayo nani, nikitaka kuondoka nafanyaje, na nambari yenu ya usajili kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ni ipi. Tiki za buluu zilitokea, jibu halikutokea.

Bado anataka kwenda. Bonasi ya chai ya mwaka jana iliishia kwa karo ya mdogo wake, na kuchuma majani kwa kilo hakujengi nyumba. Sikumwambia asiende, sina haki hiyo. Sasa anaongea na ajenti mwingine, na safari hii ameanza na swali la cucu.